Maji ya Serikali Kuu au ya Kaunti? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Malindi na Lamu

Ukurasa huu ni wa wanachama wa vyama vya watumiaji maji, wakulima wa kando ya mto Sabaki, kamati za maji za visiwani, wawakilishi wadi na yeyote anayelipa bili ya maji akataka kujua kwa nini bomba limekauka huku serikali mbili zikirushiana lawama. Tutashikilia jambo moja tangu mwanzo hadi mwisho: mzozo wa maji hukwama miaka na miaka kwa sababu pande zote zimechanganya vitu vitatu, yaani maji yenyewe, mitambo ya kuyatoa na kuyapeleka, na huduma ya kuyauza. Kila kimoja kina sheria yake na mlango wake wa kubisha.

Maji ni ya nani hasa?

Ni ya wananchi, ila yameshikwa kwa niaba yao. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Maji ya 2016 kinasema kila rasilimali ya maji iko mikononi mwa serikali kuu kama amana ya watu wa Kenya. Hapo ndani kuna mito, maziwa, na maji yaliyo chini ya ardhi pia. Mkono wa serikali kuu katika kugawa na kulinda maji hayo ni Mamlaka ya Rasilimali za Maji, ambayo wengi tunaiita WRA. Hao ndio wanaotoa vibali vya kuchota mtoni na kuchimba visima.

Jedwali la Nne la Katiba ndilo linalogawa kazi. Serikali kuu imepewa matumizi ya rasilimali za maji, ulinzi wa maji, kuhakikisha maji ya kutosha yanabaki mtoni, uhandisi wa maji na usalama wa mabwawa. Kaunti imepewa huduma za maji na usafi wa mazingira, mifereji ya maji ya mvua mijini, na utekelezaji wa sera za kuhifadhi udongo na maji.

Kwa hiyo maji ya Sabaki yanayopita chini ya daraja yako chini ya serikali kuu. Maji hayohayo yakishaingia kwenye bomba la mtaa kule Malindi, ni kazi ya kaunti. Katikati kuna kisima, pampu, bomba kuu na tangi kubwa. Hapo katikati ndipo ugomvi ulipo.

Kama huduma ni ya kaunti, mbona Baricho bado iko chini ya wakala wa serikali kuu?

Visima vya Baricho vimechimbwa kwenye mchanga wa kando ya Sabaki, na maji yake hayaishii Malindi. Yanakwenda Kilifi na mpaka Mombasa. Sheria ya Maji, kifungu cha 8, inaruhusu mitambo kutangazwa kuwa ya kitaifa kwa kuangalia mambo kama vile maji kuvuka mipaka ya kaunti na fedha za ujenzi kutoka serikali kuu. Mitambo ya aina hiyo Pwani imo mikononi mwa wakala wa serikali kuu wa kujenga mitambo ya maji Pwani, CWWDA, unaoyauza maji kwa jumla kwa kampuni za kaunti: MAWASCO kwa upande wa Malindi, KIMAWASCO kwa Kilifi na Mariakani, na kampuni ya Mombasa. Kampuni hizo ndizo zinazokuletea bili wewe.

Sheria hiyohiyo haikukusudia wakala abaki hapo daima kwa kila mtambo. Inasema ajenge, aendeshe, kisha aingie mkataba wa kukabidhi kwa kaunti, au kwa kamati au mamlaka ya pamoja ya kaunti kadhaa. Neno zito hapo ni "pamoja". Mtambo unaonywesha kaunti zaidi ya moja hauwezi kukabidhiwa kaunti moja. Kaunti ikidai funguo za Baricho peke yake, inadai kitu ambacho hakuna mpokeaji wake kisheria. Kwa maoni yetu, kosa kubwa Pwani ni kusukuma madai ya kukabidhiwa mitambo kabla ya kuunda chombo cha pamoja cha kuipokea. Jumuiya ya Kaunti za Pwani ingeweza kuwa mahali pa kuanzia mazungumzo hayo, kwa vile Mombasa, Kwale, Kilifi, Taita Taveta, Tana River na Lamu zote ni wanachama.

Nitajuaje mzozo wetu ni wa aina gani?

Jiulize: nikipewa ninachodai leo, ni nini kitakachobadilika mkononi?

Kama ni kiasi cha maji kinachobaki mtoni, au kibali alichopewa mwingine juu yako, huo ni mzozo wa maji yenyewe. Anza na WRA. Kama ni nani atakayeendesha pampu, nani atakayelipa mkopo uliojenga bomba, au nani atakayefanya ukarabati mafuriko yakibomoa, ni mzozo wa mitambo, na hapo wizara, wakala na kaunti ndio wanaokaa mezani. Kama ni bei, ratiba ya mgao, mita au ubora wa maji ya bomba, ni huduma. Anza na kampuni ya maji, kisha kaunti, na bodi ya udhibiti WASREB inayoidhinisha bei.

Mizozo mingine ina yote matatu. Usiiandike kama kitu kimoja. Ivunje, kila kipande ukipeleke kwa mwenyewe, kwa sababu ofisi ikipokea barua iliyochanganya mambo itajibu kile kilicho rahisi kwake na kunyamazia vilivyobaki.

Serikali kuu na kaunti zikikosana, sheria inataka zifanye nini?

Zisikimbilie mahakamani. Kifungu cha 189 cha Katiba kinazitaka zifanye kila juhudi ya kutosha kumaliza mzozo, na kinaagiza ziwepo taratibu za mazungumzo, upatanishi na usuluhishi. Taratibu zenyewe zimo katika Sheria ya Uhusiano Baina ya Serikali ya 2012, kifungu cha 30 hadi 35. Mwendo wake ni huu.

Kwanza ni mazungumzo ya moja kwa moja, kwa nia njema, au kupitia mtu wa kati. Hili si pambo. Kaunti inatakiwa kuweza kuonyesha barua zilizotumwa, tarehe za vikao, waliohudhuria na kilichokataliwa. Simu za gavana kwa waziri hazihesabiki kama hazikuandikwa popote.

Mazungumzo yakishindikana, upande mmoja unatangaza mzozo rasmi. Unautangaza kwa kuupeleka kwa Samiti, yaani kikao cha Rais na magavana wote 47, au kwa Baraza la Magavana, au kwa chombo kingine kilichoundwa na sheria hiyo. Mambo mengi ya kiufundi hupitia kwa Kamati ya Kiufundi ya Uhusiano Baina ya Serikali, IGRTC, ambayo pia ndiyo iliyobeba mzigo wa mali na madeni yaliyoachwa na taasisi za kabla ya ugatuzi.

Baada ya tangazo, ndani ya siku 21 chombo hicho kinapaswa kuitisha kikao cha pande zote. Kikao cha kwanza si cha kuamua nani mshindi. Kazi yake ni kubainisha mzozo ni upi hasa, mambo gani yamekubalika tayari, na njia gani isiyo ya mahakama itatumika. Kama kuna mkataba baina yao unaotaja njia ya usuluhishi, njia hiyo ndiyo inayotangulia.

Yote yakigonga mwamba, kifungu cha 35 kinafungua mlango wa usuluhishi wa kisheria au mahakama.

Kwa nini kesi nyingi za kaunti hurudishwa?

Kwa sababu ngazi zimerukwa. Wakili wa upande wa pili husimama siku ya kwanza na kupinga kusikizwa kwa kesi kwa hoja kwamba njia mbadala hazijamalizwa, na kifungu cha 31 cha Sheria ya Uhusiano Baina ya Serikali kiko upande wake. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Utendaji wa Haki wa Kiutawala ya 2015 nacho kinamzuia jaji kupitia uamuzi wa ofisi ya umma kabla ya njia za ndani kumalizika, isipokuwa kwa hali za kipekee.

Hali za kipekee zipo. Ikiwa maji yanakaribia kukatwa kwa hospitali au mji mzima, wakili mzuri ataomba amri ya muda ya kuhifadhi hali iliyopo huku mazungumzo yakiendelea. Ombi hilo ni jembamba na lina nguvu. Kesi nene ya kurasa mia nne iliyopelekwa bila barua hata moja ya mazungumzo haina.

Barua ya kutangaza mzozo iwe na nini?

Iwe fupi. Itiwe sahihi na gavana, au na waziri wa maji wa kaunti kwa idhini ya maandishi, baada ya mwanasheria wa kaunti kuipitia. Itaje kwa jina kifungu cha 33 cha Sheria ya Uhusiano Baina ya Serikali. Iseme mambo yanayobishaniwa kwa sentensi moja kila jambo, na iseme pia yasiyobishaniwa, kwani hilo hupunguza nusu ya kikao. Iambatishe kumbukumbu za mazungumzo, mkataba uliopo kama upo, ramani, na vipimo. Mwisho itaje kile hasa kinachoombwa: "mita mpya iwekwe kwenye tawi la Malindi na isomwe na pande zote mbili kila mwezi" ni ombi, "haki ya watu wetu iheshimiwe" si ombi la kujadiliwa mezani.

Pelekeni nakala kwa WRA na kwa kaunti jirani zinazonywa maji hayohayo. Kaunti jirani iliyosikia mzozo kwenye redio huja kikaoni na hasira zake.

Ni vipimo gani vinavyohitajika, na nani avipime?

Hapa ndipo upande mmoja unaposhinda au kushindwa, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Kwa mto, kinachotakiwa ni mtiririko, yaani mita za ujazo kwa sekunde. Vipimo rasmi ni vya WRA, vinavyotoka kwenye vituo vyao vya mtoni. Omba kumbukumbu zao za miaka mingi, si za mwaka mmoja. Chama cha watumiaji maji kinaweza pia kuchukua makadirio yake kwa kielea. Chagua sehemu ya mto iliyonyooka, pima mita 10 kando ya ukingo, tupa chungwa au chupa iliyojazwa maji nusu, hesabu sekunde. Rudia mara tano, katikati na pembeni. Tuseme wastani ni sekunde 20: kasi ya juu ni mita 0.5 kwa sekunde. Zidisha kwa 0.85, kwa sababu maji ya chini huenda polepole kuliko ya juu, unapata 0.425. Pima upana na vina kadhaa. Mto wa upana wa mita 12 na kina cha wastani cha mita 0.4 una eneo la mita za mraba 4.8. Zidisha: takriban mita za ujazo 2 kwa sekunde. Haya ni makadirio tu, lakini yakichukuliwa mahali palepale, kwa mkono uleule, kila wiki, yanaonyesha mto unashuka au unapanda, na mtu wa WRA hawezi kuyapuuza.

Pima wakati wa kaskazi, hasa Februari na Machi kabla ya masika. Mgao uliotokana na vipimo vya msimu wa mvua hugawa maji ambayo hayapo. Kumbuka pia kwamba Sabaki na Tana hazitegemei mvua ya hapa. Sabaki huanzia mbali, huko juu ukiitwa Athi, na unaweza kujaa Malindi ilhali kwetu kumekauka kabisa. Andika rangi ya maji na kiasi cha tope. Pampu nyingi hufa kwa tope kabla ya kufa kwa ukame.

Kwa kisima, pima kina cha maji kabla ya kuwasha pampu na baada ya kuizima, kwa utepe uleule na kutoka alama ileile kwenye mdomo wa kisima. Jaribio la kupampu la saa 24 ndilo linaloonyesha kisima kina uwezo gani kweli. Pima chumvi pia, kwa kifaa kinachopima jinsi maji yanavyopitisha umeme, kila mwezi.

Kwa maji ya jumla, kinachoamua ni mita kubwa kwenye mpaka wa makabidhiano. Tuseme mita ya chanzoni inasoma mita za ujazo 10,000 kwa siku na mita za wapokeaji zote kwa jumla zinasoma 8,200. Hizo 1,800, yaani asilimia 18, zimekwenda wapi? Bomba linavuja, kuna viunganishi vya wizi njiani, au mita moja inadanganya. Mpaka hapo hakuna aliye na haki ya kudai deni lote wala aliye na haki ya kulikataa lote. Mita ipelekwe kupimwa, na wawakilishi wa pande zote wawepo inapofungwa lakiri.

Mizozo ya deni la maji ya jumla na umeme humalizwaje?

Mnyororo wake ni huu: mteja halipi kampuni, kampuni hailipi wakala, wakala halipi umeme, umeme unakatwa, pampu zinasimama, na mteja aliyelipa anakosa maji sawa na asiyelipa. Kila mmoja anamtaja aliye mbele yake.

Dawa tunayoiamini ni ya hatua nne. Deni la zamani litengwe na bili za sasa, kwa sababu mkichanganya hakuna atakayelipa hata la leo. Deni la zamani likaguliwe kwa hesabu za mita na si kwa makadirio. Bili za sasa zilipwe kupitia akaunti maalumu ambayo pesa yake inakwenda kwanza kwenye umeme. Kisha uwepo mkataba wa ununuzi wa jumla unaosema bei, kiasi cha chini kitakachofikishwa kwa siku, na fidia kisipofika. Mikataba mingi ina adhabu kwa asiyelipa, na haina adhabu kwa asiyeleta maji. Msitie sahihi ya namna hiyo.

Mikopo iliyojenga mabomba ni jambo jingine. Serikali kuu hukopa, mitambo hujengwa, kisha kaunti huambiwa ibebe deni. Kifungu cha 212 cha Katiba kinasema kaunti haikopi bila dhamana ya serikali kuu na idhini ya bunge la kaunti. Mwanasheria wa kaunti aulize kwanza: bunge letu liliidhinisha lini? Swali hilo peke yake hubadilisha mazungumzo.

Kaunti yenye chanzo inaweza kutoza kaunti nyingine au serikali kuu kwa maji yanayotoka kwake?

Taita Taveta imelilia chemchemi za Mzima kwa miaka mingi, kwa kuwa bomba la chemchemi hizo linanywesha Mombasa tangu 1957. Malalamiko ni ya haki. Kifungu cha 69 cha Katiba kinataka faida za rasilimali zigawanywe kwa usawa. Lakini kodi ya kaunti ina mipaka: kifungu cha 209 kinaruhusu kodi ya majengo na ardhi, ya burudani, na nyingine iliyoruhusiwa na sheria ya Bunge, pamoja na ada za huduma. Tena kodi ya kaunti isidhuru shughuli za kiuchumi zinazovuka mipaka. Ada ya kuchota maji hutozwa na WRA. Kwa hiyo njia salama ni mkataba: sehemu ya mapato ya maji ya jumla itengwe kwa kulinda chanzo, na vijiji vinavyopitiwa na bomba viunganishwe kwanza. Hakuna linalouma kama kuishi kando ya bomba kubwa na kununua maji ya mkokoteni.

Lamu maji ya kisiwani yanatoka ardhini pale pale. Serikali kuu inahusikaje?

Mji wa Lamu unakunywa maji ya visima vilivyo kwenye milima ya mchanga ya Shela. Mvua huzama mchangani, inakaa juu ya maji ya chumvi kwa kuwa ni nyepesi. Hesabu ya kisayansi ni kwamba kila mita 1 ya maji matamu juu ya usawa wa bahari hubeba takriban mita 40 za maji matamu chini yake. Ukivuta hadi usawa ule ukashuka mita 1, chumvi nayo inapanda mita 40 kwa nadharia. Na maji ya bahari yana takriban miligramu 35,000 za chumvi kwa lita, hivyo asilimia 2 tu ya bahari ikiingia kisimani inaongeza miligramu 700 kwa lita. Chai inaharibika ladha, na kisima kikishaingia chumvi hakirudi upesi.

Ndiyo maana jambo hili lina serikali mbili ndani yake. Kampuni ya maji ya Lamu, LAWASCO, ni ya kaunti. Idadi ya visima na kiasi cha kuvuta ni cha WRA, ambayo pia ina uwezo wa kutangaza eneo la hifadhi ya maji ya ardhini. Ujenzi juu ya mchanga unagusa mipango ya ardhi ya kaunti, mamlaka ya mazingira NEMA, na Tume ya Kitaifa ya Ardhi kama ni ardhi ya umma. Mtu akipewa hati ya kujenga pale, usianze na kesi ya ardhi peke yake. Andikia WRA uulize kama eneo limehifadhiwa na kama kisima cha hoteli hiyo kina kibali. Mchanga ukifunikwa kwa saruji mvua haizami, na hakuna kampuni ya maji itakayoweza kuuza kisichoingia. Tungependa kila mwenye mamlaka juu ya Shela aisome hesabu ile ya 1 kwa 40 kabla ya kutia sahihi chochote.

Jabia au kisima cha nyumbani kinahitaji kibali?

Jabia inayokusanya maji ya mvua haihitaji. Kuteka kwa ndoo kwa matumizi ya nyumbani, bila mtambo, hakuhitaji pia. Ukifunga pampu au ukichimba kisima kirefu, omba kibali.

Mabwawa makubwa ya juu ya mto yakijengwa, sisi wa chini tuna haki gani?

Tana inafika baharini Kipini ikiwa imepita mabwawa ya umeme ya Masinga hadi Kiambere. Kwenye Athi kuna Bwawa la Thwake, Makueni, na chini yake kuna mradi wa umwagiliaji wa Galana Kulalu. Katika mipango ya LAPSSET, ule mradi mkubwa wa bandari ya Lamu na njia za usafiri, bwawa la High Grand Falls limetajwa kama chanzo cha maji ya bandari ya Lamu.

Haki yenu kubwa ina jina katika Sheria ya Maji: akiba. Ni kiasi na ubora wa maji unaotakiwa kwa mahitaji ya msingi ya watu wote wanaotegemea chanzo hicho, na kwa uhai wa mto wenyewe. Akiba haigawiwi kwa kibali. Vilevile matumizi ya nyumbani yanatangulia mengine yote. Kwa hiyo, mradi ukitangazwa, msiulize tu "mtatuajiri?" Ulizeni: akiba imewekwa kiasi gani, imepimwa wapi, na bwawa litaachia kiasi gani mwezi wa Februari? Kwenye delta ya Tana maji yakipungua, bahari hupanda mtoni na mashamba ya mpunga yanaingia chumvi. Hoja hiyo ipelekwe ikiwa na vipimo vya chumvi vya miezi mingi.

Mwananchi wa kawaida anaweza kufanya nini serikali zikiwa zinavutana?

Mengi, na hafungwi na zile ngazi za serikali kwa serikali. Anza na taarifa. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu, na saa 48 kama jambo linahusu uhai au uhuru wa mtu. Omba nakala ya kibali, mkataba wa maji ya jumla na usomaji wa mita. Wakikunyima, Tume ya Haki za Utawala inapokea malalamiko.

Unaweza kuwasilisha ombi kwa bunge la kaunti au Seneti. Kibali cha mtu kikikuumiza, kuna Jopo la Maji, na muda wa kukata rufaa ni mfupi, usikae nao. Haki ya maji safi ya kutosha iko kifungu cha 43 cha Katiba, na kifungu cha 70 hakikutaki uthibitishe kuwa umepata hasara ili mahakama ikusikize kuhusu mazingira. Ombi la kutetea haki chini ya kifungu cha 22 halitozwi ada ya kufunguliwa.

Wavuvi wa Lamu walionyesha njia. Kesi yao dhidi ya mradi wa bandari iliamuliwa na Mahakama Kuu mwaka 2018; mahakama iliona umma haukushirikishwa ipasavyo, na ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi wapatao 4,600. Kilichowasaidia ni kumbukumbu: majina, maeneo ya uvuvi, athari moja moja.

Mahakama gani?

Swali la mipaka ya mamlaka ya serikali kuu na kaunti ni la Mahakama Kuu, kifungu cha 165 cha Katiba. Jambo la mazingira na matumizi ya ardhi ni la Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Zote mbili ziko Malindi. Lamu pia inahudumiwa na Mahakama Kuu ya Garsen. Kaunti yenyewe inaweza kuomba ushauri wa Mahakama ya Juu kuhusu jambo la serikali za kaunti, ila hiyo si njia ya kubishania mita.

Nchi nyingine zenye serikali za majimbo hufanyaje?

India ina sheria ya 1956 ya mizozo ya mito baina ya majimbo. Mzozo wa mto Cauvery ulipelekwa kwenye jopo mwaka 1990; uamuzi ulitoka 2007, na Mahakama ya Juu ikaurekebisha 2018 kwa kuongezea Karnataka futi za ujazo bilioni 14.75 kutoka fungu la Tamil Nadu. Miaka 28. Mkulima hawezi kungoja hivyo.

Marekani, mto Colorado uligawiwa kwa mkataba wa 1922 baina ya majimbo 7, kwa kutumia takwimu za miaka yenye maji mengi. Mpaka leo wanagawana maji yaliyo kwenye karatasi zaidi ya yaliyo mtoni. Huko pia mahakama iliamua 1908 kwamba serikali kuu ina haki ya maji kwa ardhi iliyoitenga, na tangu 1952 sheria inaruhusu serikali hiyo kuitwa kwenye mahakama za majimbo haki za mto zinapohesabiwa. Somo la Colorado ndilo tunalolisisitiza kwenye vipimo vya kaskazi hapo juu.

Makubaliano yakipatikana, yaandikwe nini ili yasivunjike?

Yataje kiasi kwa msimu, si kwa mwaka: kiasi cha kaskazi na kiasi cha masika. Yataje mgao wa ukame kwa asilimia, ili kila mmoja apungukiwe kwa kadiri moja mto unaposhuka chini ya kipimo kilichokubaliwa. Yaseme nani anasoma mita, siku gani, na nani anashuhudia. Yaseme nani anatengeneza pampu na kwa muda gani, kwani kisima kilichosombwa na mafuriko hakingoji bajeti ya mwaka ujao. Kama kazi yoyote inahamishwa kutoka serikali moja hadi nyingine, mkumbuke kifungu cha 187: kazi inahama lakini wajibu wa kikatiba unabaki kwa aliyepewa na Katiba, kwa hiyo pesa zihame pamoja na kazi hiyo. Na yawekwe kifungu cha kuyapitia upya kila baada ya miaka 5, au mapema endapo chumvi kisimani itavuka kiwango walichoandika.

Nakala ya Kiswahili iwekwe ofisi ya wadi, na ramani yake ibandikwe ukutani.